Mheshimiwa Pancha

Wapo wanaosifiwa bure. Kuna viongozi wanaotungiwa nyimbo kabla hawajaanza kazi, mabwana harusi wanaomwagiwa sifa na washereheshaji waliokutana nao jioni ileile, na magari yanayoitwa "kama mpya" na madalali wasiojua hata boneti inafunguliwa wapi. Pancha, aliyekwisha kuwasimamisha njiani wote hao, hajapata hata ubeti mmoja. Leo nalipa deni hilo. Wala simsifu pancha mdogo, yule anayekukuta na tairi la akiba ukabadilisha, ukanawa mikono, ukaondoka. Huyo mpita njia tu. Namsifu pancha mkubwa, anayekushukia kwenye kona ya barabara ya Mombo kwenda Lushoto, huku jabali, huku bonde, na ndani ya buti kuna mwamvuli, ndala moja na shimo la duara palipopaswa kulala spea.

Mtu wa heshima hutajwa kwa ukoo wake, basi tuanze na nasaba. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua namna ya kuupika mpira pamoja na salfa, usiyeyuke kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Mwaka 1845 Robert William Thomson wa Uskoti akapata hataza ya gurudumu la upepo, lakini dunia haikumsikiliza. Ilisikia mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipomfungia mwanawe mpira wa upepo kwenye kibaiskeli chake. Siku upepo ulipofungiwa ndani ya mpira, pancha naye alizaliwa. Magurudumu ya mti na chuma yaliyotangulia hayakumjua kabisa, na viuno vya abiria vilikuwa mashahidi wa ujinga huo. Adui yake alizaliwa mwaka 1904 kule Llanelli, Wales, ambako kampuni ya Stepney ilianza kuuza gurudumu la akiba. Tangu hapo dereva akaanza kujiona hamhitaji mtu.

Usambara yenyewe, milima inayopandwa na barabara hii ya Lushoto, ina undugu na ukoo huu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walipanda mashamba makubwa ya mpira huku upande wa Tanga, wakijua dunia ya matairi inakuja. Ilipofika 1913 mpira wa Asia ya Kusini-Mashariki ulikuwa umejaa sokoni, bei ikaporomoka, na biashara nzima ikapata pancha. Waliokuwa na mkonge pembeni walibadilisha gurudumu wakaendelea na safari. Waliotegemea mpira peke yake walibaki kando ya barabara, wakishangaa shangaa kama wewe leo.

Hata watengenezaji wa magari wamekwisha kutambua ukubwa wa mheshimiwa huyu, ndiyo maana wanampunguzia vikwazo. Magari mengi ya siku hizi yanatoka kiwandani bila spea, ili yawe mepesi, yanywe mafuta kidogo, na gharama ipungue. Badala yake unapewa chupa ya gundi na kipampu cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Likija lililotumika kutoka Japani, chupa mara nyingi imekwisha kutumika au tarehe yake imepita, na maelekezo yote ni ya Kijapani. Na hata ikiwa nzima, gundi inaziba kitundu cha msumari tu. Jiwe likichana ubavu wa tairi, unaweza kuinywa.

Sasa tuzitaje fadhila zake.

Fadhila ya kwanza ni adabu. Aliyetoka Mombo akiwa bosi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine juu ya honi, sasa amechuchumaa kando ya lami, suruali imeshika vumbi, na anamwamkia kila mzee apitaye. Shikamoo zinamtoka bila kuombwa. Wa kwanza kusimama ni kijana wa bodaboda. "Pole bosi. Spea?" Huna. Anatazama tairi, anakutazama wewe, anarudi kutazama tairi. Linapita Fuso la kabichi likiteremka kwa gia nzito kuelekea Dar es Salaam, halisimami, lakini utingo anapaza sauti, "Weka jiwe nyuma, mzee!" Kisha anatokea babu mwenye panga na mzigo wa majani ya ng'ombe. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Pole. Spea huna?" Mara mbili umekiri, na hakimu hajafika.

Babu haulizi zaidi. Anakata matawi mabichi, anayalaza barabarani kabla ya kona, huku juu na huku chini, ili wanaokuja wapunguze mwendo. Ile pembetatu yako nyekundu, uliyoinunua kwa ajili ya kumwonyesha trafiki, imekatika mguu mmoja na upepo wa bondeni unailaza chali.

Fadhila ya pili ni elimu. Dereva wa Noah anasimama na kukutolea spea yake kwa moyo mweupe. Mnaisogeza, mnaipima: ya kwake ina matundu matano, gari lako lina nati nne. Miaka yote unaendesha hukujua gari lako lina nati ngapi. Unajifunza pia kwamba jeki haikai kwenye mteremko bila matairi mengine kuzuiwa kwa mawe, na kwamba nati hulegezwa gurudumu likiwa bado chini. Mambo hayo chuoni hufundishwa kwa ada.

Fadhila ya tatu ni kukuonyesha nchi. Mwaka 1848 mmishonari Ludwig Krapf alipanda milima hii kwa miguu kwenda Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Wasambaa, akapata mengi ya kuandika. Wewe umepanda barabara ya kilomita kama 33 na ulichokiona ni matako ya basi lililokutangulia. Pancha ndiye anayekurudisha kwenye mwendo wa Krapf. Unasikia maji ya mto chini ya bonde. Unaona mahindi yaliyopandwa kwenye mwinuko ambao mbuzi angeufikiria mara mbili. Jasho la Mombo linakauka, baridi inaanza kupenya shati, na unaelewa kwa nini wenzako wa Noah wamevaa makoti.

Fadhila ya nne ni uchumi, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Gurudumu linapakiwa kwenye bodaboda, katikati yako na kijana, unalikumbatia kwa mahaba ambayo mkeo hajayaona siku nyingi, mnapanda hadi Soni. Tairi kuukuu lililoning'inizwa kwenye nguzo ndilo bango la fundi. Hana maneno mengi. Anajaza upepo, analizamisha gurudumu kwenye pipa lililokatwa nusu, analizungusha polepole hadi mapovu yasimame mstari. Anang'oa msumari kwa koleo, anapanua tundu, anasukuma kijiti chenye gundi, anakata mkia wake kwa wembe. Mwisho anatemea mate pale pale na kuinama kuangalia. Mate yakitulia, kazi imekwisha. Yale maabara yote ya Belfast na Marekani yamehitimishwa na tone la mate Soni.

Mlinganishe sasa na wapinzani wake. Injini ikichemka, inataka fundi bingwa, na kifaa kitoke Dar kwa basi la kesho. Hitilafu ya umeme haisemi shida yake iko wapi, na kila fundi anataja kosa jipya. Pancha ni muungwana: anakaa mahali pamoja, anajionyesha, na anaondoka kwa bei ya chakula cha mchana. Ajabu ni kwamba yeye ndiye tunayemlaani, na injini tunaibembeleza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, milango iko wazi, njoo utufunze adabu. Ila ukija, njoo mchana. Njoo pa tambarare, karibu na Soni, fundi akiwa hajaenda msikitini wala sokoni. Ingia kwa msumari, uuache ubavu wa tairi salama. Wakwe wakiwa garini, pita kwanza. Na zaidi ya yote, baba, njoo peke yako: tairi la pili tuachie.