Sifa za Hita ya Bei Nafuu

Wafanyakazi wengi hulaumiwa kwa kulala kazini. Hita ya bei nafuu ya tangi la samaki haina doa hilo: tatizo lake, kama ni tatizo, ni kutojua saa ya kutoka. Imesemwa vibaya vya kutosha, na leo naitetea.

Ni mrija wa kioo wenye waya wa kupasha moto, na ndani yake themostati: ukanda mwembamba wa metali mbili zilizogandamanishwa. Moja hutanuka haraka kuliko nyingine, kwa hiyo maji yakipata joto ukanda hujipinda na kukata umeme. Yakipoa, hunyooka na kuunganisha tena. Kila unapokata, cheche huruka. Cheche moja si kitu. Zikirundikana miezi na miezi huunguza mahali pa kugusana, hadi usiku mmoja vyuma vinanasa na taa yake ndogo nyekundu haizimi tena. Ni ndoa ngapi siku hizi zinashikana hivyo?

Wachokozi watauliza: na samaki je? Samaki hutembezwa. Neon tetra aliyezoea nyuzi 25 anafikishwa 34 bila kulipa nauli. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, basi wote hupanda juu kuhema, na baba mwenye nyumba, ambaye hakuwatazama wiki nzima, sasa habanduki mbele ya tangi.

Watu wa Mombasa hawatanielewa, maana maji yao hupashwa na jua bure. Lakini Nairobi usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12, Limuru ndiyo usiseme, na nyumba zetu hazina cha kuzipasha. Mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa walioumbiwa maji ya nyuzi 24 hadi 28, wanakitegemea hicho kimrija kama kilivyo. Kitufe chake ukikizungusha hadi 26, maji yatakwenda 29 au 23, kulingana na moyo wake siku hiyo.

Halafu inafundisha hesabu. Hita ya wati 300 ikinasa katika tangi la lita 60 hupandisha maji karibu nyuzi 4 kila saa. Nenda ibada ya Jumapili, pitia kwa shemeji kwa chakula cha mchana, utarudi ukute supu. Ya wati 50 ikinasa humo humo haifikishi hata nyuzi 1 kwa saa, na baridi ya nyumba huipokonya joto lenyewe kabla halijafika mbali. Ndiyo maana wazoefu hununua ndogo mbili badala ya kubwa moja: ikinasa moja, haina nguvu ya kupika; ikifa moja, mwenzake huyashikilia maji hadi kuche. Kisha huzichomeka kwenye kidhibiti cha nje chenye kihisi chake, kinachokata umeme hita ikigoma kuzima, na bado wanabandika kipimajoto upande wa pili wa tangi. Watu wasio na imani hata kidogo! Kifaa cha watu kinawekewa askari wawili kabla hakijakosa lolote.

Ina heshima zake pia. Ukipunguza maji bila kuichomoa ukutani, ikabaki hewani ikiwaka, ukimwagia maji baridi kioo hupasuka paa, na kuanzia hapo maji na umeme ni kitu kimoja. Usitie mkono kuipa pole, chomoa kwanza.

Ila sifa kuu namwachia muuzaji. “Bosi, hii haisumbui,” anasema, huku akiifuta vumbi kwa kidole, naye huipanga rafu moja na samaki anaouza. Ni mtu wa kuona mbali: anayerudi kuilalamikia hita huondoka na hita mpya, na mfuko wa samaki.