Jinsi ya Kupata Picha ya Dola Milioni 92 Ukiwa na Nauli ya Treni Tu

Picha yenyewe ni Chop Suey, aliyoichora Edward Hopper kwa rangi za mafuta mwaka 1929. Novemba 13, 2018, dalali wa nyumba ya mnada ya Christie's mjini New York aligonga nyundo, na ada zilipojumlishwa bei ikafika dola milioni 91.9. Mpaka siku hiyo hakuna kazi ya Hopper iliyokuwa imeuzwa ghali hivyo mnadani. Picha kama hiyo ikipelekwa tena mnadani, nawe mfukoni huna kitu, fanya hivi.

Wahi kabla ya mnada. Nyumba kubwa za mnada hutundika picha siku kadhaa kabla ya kuziuza, na watu huruhusiwa kuziangalia bila kiingilio. Kama unaishi New York, nauli ya treni inatosha. Vaa nguo safi, msalimie mlinzi, kisha nenda moja kwa moja kwenye picha unayoitaka. Siku hizo chache ukutani ni zako sawasawa na za bilionea, nawe una faida moja kumzidi: huna hesabu ya kupiga, kwa hiyo una muda wa kutazama.

Tazama basi. Chop Suey si kubwa. Khanga moja ingeifunika yote. Wanawake wawili wamekaa mezani katika mkahawa wa Kichina. Mmoja ametuelekea, kavaa kofia iliyobana kichwa na sweta ya kijani, uso umepauka kwa mwanga, midomo imekolea rangi. Mwenzake ametupa mgongo. Mezani pana birika. Nje ya dirisha bango jekundu la mkahawa linaonekana kipande tu. Usiondoke upesi hapo. Angalia mwanga unavyotua mezani, halafu jiulize hao wawili walikuwa wanaambiana nini kabla hatujafika. Mimi naamini walikuwa wamenyamaza kitambo.

Aliyekaa ili wachorwe wanawake hao ni Josephine, mke wa Hopper, naye mwenyewe mchoraji. Jo ndiye aliyetunza madaftari ya kazi za mumewe: picha gani imetoka, inaonyesha nini, imeuzwa kwa nani, kwa kiasi gani. Hopper aliongeza mchoro mdogo wa kila moja. Mnunuzi wa leo akitaka kujua picha imepita mikono ya nani, anategemea kumbukumbu za namna hiyo. Mezani pale kwa dalali, Jo alistahili kutajwa kwa heshima.

Siku yenyewe ya mnada haina mengi. Chop Suey ilikadiriwa dola milioni 70 hadi 100. Muuzaji huweka bei ya chini ya siri, isiyozidi kadirio la chini, na mpaka ifikiwe dalali anaweza kutaja dau kwa niaba yake. Kwa hiyo bei zikipanda haraka mwanzoni, usidhani ukumbi mzima umeingiwa wazimu. Mikono yako iweke mapajani.

Kazi yako kubwa inaanza nyundo ikishagongwa, maana hapo picha inaweza kuingia sebuleni kwa mtu isionekane tena miaka mingi. Mwenye Chop Suey, Barney Ebsworth, aliwahi kuiahidi Makumbusho ya Sanaa ya Seattle. Alipofariki mwaka 2018, ikaenda mnadani badala yake. Hilo linaniuma, kwa sababu watoto wa shule wa mji ule wangekua wakiiona.

Basi mwandikie mnunuzi. Jina lake huenda usiambiwe, lakini iombe nyumba ya mnada imfikishie barua. Mpongeze, mweleze ulichokiona kwenye ule uso na lile birika, umwombe aiazimishe picha kwa makumbusho hata kwa mwaka mmoja. Akikuuliza makumbusho gani, mtajie ya Seattle.