Kutoka Wikipedia, Kamusi Elezo Huru

Nina steshenari karibu na geti la chuo. Kazi yangu ni kuprinti, kutoa kopi na kubaindi. Kusoma hakumo kwenye bei. Lakini printa yangu imezeeka, inatema karatasi moja moja huku inakohoa, na ukisimama pale dakika 40 macho yatafanya nini? Yanasoma. Ndiyo maana nina presha.

Msimu wa kukusanya tasnifu wanaingia wakihema, flashi mkononi. "Anko, fanya chapu, msimamizi anafunga ofisi saa kumi!" Naua virusi kwanza, nafungua faili. Sura ya pili, mstari wa juu kabisa: "Kutoka Wikipedia, kamusi elezo huru." Kijana kabeba nyumba nzima mpaka kibao cha mlangoni.

"Mdogo wangu, hata mwizi wa kuku hufukia manyoya."

"Anko, si wameandika huru?"

Huru! Huru ile maana yake chukua, ila useme umechukua wapi. Ni sharti la leseni yao, na ni jepesi kuliko kuazima sufuria kwa jirani, maana hapa hata kurudisha hurudishi. Halafu kuna kuamini kila kilichomo. Wikipedia ya Kiingereza ilikaa karibu miaka 10, kuanzia 2005 hadi 2015, na mungu wa wenyeji wa Australia aitwaye Jar'Edo Wens, ambaye mtu alijibunia tu. Akaingia hadi kitabuni. Tanbihi zipo chini ya ukurasa, bure kabisa, lakini kushuka kule watu wanaona kama kushuka kisimani.

Kesho yake akaja binti na nukuu ya Mwalimu Nyerere kuhusu vijana na mitandao ya kijamii. Mwaka: 2016. Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999. WhatsApp yenyewe imeanza 2009. Nikamwuliza kaipata wapi. Kwenye grupu la ukoo. Kwenye marejeo je, ameandika nini? "Google." Ni kama kuulizwa nyanya umenunua kwa nani, ukajibu "njia ya kwenda sokoni".

Lakini hao wawili nawakumbuka kwa mapenzi, kwa sababu siku hizi wanafunzi hawakopi tena, wanatungiwa na mashine. Juzi nimeprinti marejeo yaliyonyooka kama askari wa gwaride: jina, mwaka, mchapishaji, kurasa. Karatasi ilipokwama nikakitafuta kitabu kimoja kwenye simu. Hakipo. Cha pili, hakipo. Mwandishi yupo, mchapishaji yupo, kitabu ndicho hakijaandikwa. Nikamsimulia mwenye kazi habari za mawakili wa New York waliotozwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Akauliza kama waliruhusiwa kulipa kwa awamu.

Basi wiki iliyopita amekuja bwana mmoja kupiga pasipoti saizi. Akaganda nje akilitazama bango langu, lile la tembo na Mlima Kilimanjaro.

"Hii picha umeitoa wapi?"

Nikajibu kabla sijafikiri: "Google."

Akanionyesha simu yake. Tembo yuleyule, mlima uleule, na kwenye kona jina lake, pale ambapo mimi nimeandika BEI POA. Akanitajia Sheria ya Hakimiliki ya 1999, nikamtajia hali ya biashara. Tumeelewana nimlipe elfu hamsini na jina lake lirudi kwenye kona. Nalipa kwa awamu.

Fundi alipomaliza kuliandika jina hilo, wa kwanza kusimama kulisoma alikuwa yule kijana wa kamusi elezo huru. Akacheka mpaka akashika geti. "Anko, na wewe hukufukia manyoya?"

Kubaindi kwake sasa ni elfu tano.