Misikhu Haikufika

Kando ya kinamasi cha Saiwa, nje kidogo ya mji wa Kitale, uliishi ukoo wa mbawala waliojivunia kwato zao: fupi, nyeusi, zimechongoka kama penseli ya mtahiniwa. Katika ukoo huo alizaliwa mtoto wa kwato ndefu zilizotanuka. Akikanyaga tope, tope lilimbeba. Akikanyaga barabara, alijikwaa hata pasipo jiwe. Wakamwita Makwato.

Ndani ya mafunjo ya kinamasi hicho wamo nzohe, ambao wote wana kwato za namna hiyo. Basi unaweza kukisia Senge, shangazi mkubwa, aliwanong'oneza nini wanawake wenzake mtoni. Baba mtu naye aliyasikia. Akaaga kwamba anaenda Bungoma kutafuta kazi, na kazi hiyo anaitafuta mpaka leo.

Kichekesho ni kwamba serikali ilikitenga kinamasi hicho mwaka 1974, kilomita za mraba tatu hivi, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kwa ajili ya hao hao nzohe. Wageni wa Ulaya wanalipa, wanapanda majukwaa ya mbao, wanakaa kimya saa nzima wakingoja kuona kwato ndefu japo mara moja. Mbawala waliwatazama wageni hao kila siku. Jioni walirudi nyumbani, wakashika tupa, wakazipunguza kwato za Makwato.

Tupa iliposhindwa, mtoto alipelekwa kwa Kasuku, nabii. Kasuku alikemea pepo kwa kipaza sauti kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Makwato akaziba masikio, na kuziba masikio kukawa ushahidi wa pepo. Mwalimu Tumbili alisema hana dawati la mtoto anayetembea darasani. Mwishowe mama yake alimfikisha kwa Bundi, kwenye kimoja cha vile vituo vya kupima watoto ambavyo serikali ilianza kuvifungua mwaka 1984. Bundi alikaa sakafuni, hakusema neno hadi mtoto alipomaliza kupanga vijiwe vyake. Ndipo akalitaja jina: usonji. Si pepo, akasema, wala si malezi mabaya, ndivyo alivyozaliwa. Na mjue hamko peke yenu, kwani hata Marekani, mwaka 1943, daktari mmoja aitwaye Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hii.

Amu Mkubwa alipoletewa habari hizo aliuliza swali moja tu: "Na hao kumi na mmoja, walirogwa na nani?"

Aliyekuwa hana maswali ni Kuka, babu wa ukoo. Nyati waliokuwa wameizungushia nchi hiyo ua walipoanza kuondoka, miaka ile ya uhuru, Kuka alichanga hisa na wenzake kutoka Bungoma, wakanunua shamba. Alilijua kwa miguu. Kila siku, saa kumi na mbili za jioni, yeye na Makwato walitoka kwenye mkuyu hadi majini, hatua 214, mtoto akihesabu. Wakirudi, Kuka aliimba majina ya njia iliyomleta, akianzia mwisho: Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, Bungoma. Hakuna hadithi ndani yake, majina tu. Mtoto aliyashika kama wengine wanavyoshika Baba Yetu.

Kuka akafa.

Kamati ya mazishi iliundwa kabla mwili haujapoa: mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, mweka hazina, na kamati ndogo ya kumchunguza mweka hazina. Ng'ombe alipangiwa siku yake, mahema yakapangiwa bei yake. Makwato hakuwa kwenye ajenda. Senge alimwambia Kuka amelala. Mtoto akakataa kulala usiku mbili mfululizo. Amu alimwambia Kuka amesafiri. Mtoto akaenda kusimama barabarani, akitazama kila gari. Kasuku alimwambia Kuka ameenda nyumbani. Mtoto akakimbia nyumbani, akainama kuchungulia chini ya kitanda.

Usiku wa tatu mama yake alimketisha chini ya mkuyu.

"Kuka amekufa," alisema. "Hapumui tena. Hatatembea tena. Keshokutwa tunampeleka Bungoma, tunamweka ardhini."

Mtoto alifikiri. "Kupitia Kiminini?"

"Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, Bungoma."

Akalala hadi asubuhi.

Kesha la mwisho lilikuwa na spika nne na jenereta. Wimbo wa kwanza ulipopasuka, Makwato alitoka mbio, akaingia majini, akazama, akaacha pua tu juu. Nzohe hufanya hivyo wakifukuzwa na mbwa. Ukoo wote ukajazana ukingoni: amezama! Mmoja alileta kamba, mwingine alipendekeza mchango. Mama yake aliomba wapunguze sauti ya muziki. Wakamwambia muziki umelipiwa hadi alfajiri. Akaketi peke yake kwenye matete, akaipa kelele mgongo, akaitazama ile pua. Saa tisa za usiku mafuta ya jenereta yaliisha. Pua ikasogea ukingoni, nyuma yake mtoto mzima.

Asubuhi msafara ukaondoka. Dereva alikuwa Ngiri, yule akimbiaye mkia ukiwa wima kama antena. Kiminini ikaja, Makwato akaitaja. Kamukuywa ikaja, akaitaja. Hapo Ngiri akakunja kulia, akashika njia ya Kimilili na Chwele, ambayo pia inafika Bungoma, tena alikuwa na mzigo wake binafsi wa kushusha Kimilili.

"Misikhu," alisema Makwato.

Abiria wakaendelea na nyimbo za maombolezo.

"Misikhu. Misikhu. Misikhu."

Kisha akaanza kujigonga kichwa kwenye kiti, akipiga kelele ambayo hata spika nne za jana hazikuifikia. Senge akasema, nilijua. Kasuku akaanza kukemea. Amu, aliyeketi mbele pamoja na Sungura dalali na mkoba wenye ramani ya shamba, akageuka: "Hata marehemu hamumheshimu?"

"Simamisha gari," alisema mama.

"Mama Makwato, njia zote zinafika!"

"Nimesema simamisha."

Walishuka wawili. Msafara ukaenda zake na vumbi lake. Mama hakumshika mtoto wala hakumkaripia. Alisimama upande wa barabara akizuia pikipiki zisimkaribie, hadi kichwa kikatulia. Wakapanda boda boda kurudi Kamukuywa, wakangoja matatu. Misikhu ikaja. Webuye ikaja. Walipofika Bungoma, vijana walikuwa wanasawazisha udongo juu ya kaburi. Makwato alikwenda hadi kwenye udongo ule, akasema "Bungoma," akaketi.

Wajuzi wa mazishi walilijadili jambo hilo kwa siku mbili: mjukuu aliyemtorosha mama yake kutoka kwenye msafara wa mkwewe.

Siku ya tatu baada ya mazishi ilikuwa ya kumuse. Msomaji wa pwani asiyejua, ajue hivi: kwa Wabukusu, mzee wa heshima akishazikwa huitwa mnenaji wa koo maalumu, na watu humfungulia uwanja. Akiwa na fimbo yake, mnenaji huenda na kurudi, huenda na kurudi, akitaja vizazi, safari za mababu, majina ya waliotangulia, akionya walio hai. Marehemu Manguliechi alipata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Hapana atakayemwambia mzee kama huyo akae chini atulie. Hapana atakayemuuliza kwa nini anarudia majina yale yale.

Mnenaji wa siku hiyo alikuwa Korongo, taji lake la dhahabu kichwani tangu kuzaliwa. Akaanza. Hatua ndefu, kugeuka, hatua ndefu. Jina, jina, jina. Spika hazikuwepo. Hapakuwa na wimbo. Makwato, aliyekuwa nyuma ya migomba akizunguka peke yake tangu alfajiri, alisimama kusikiliza. Kisha akaingia uwanjani, akatembea sambamba na Korongo, akigeuka pale Korongo alipogeuka, midomo ikienda.

Amu aliruka kutoka kitini. Korongo akainua fimbo, akaielekeza kwa Amu.

"Kumuse ikinenwa, wazee hukaa."

Amu akakaa. Korongo akaendelea na vizazi vyake, mtoto na vituo vyake, hadi jua lilipogeuka.

Jioni hiyo ukoo ulibadilika kama kinyonga. Kasuku alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyemwombea. Senge aligundua kwamba babu wa babu yao alikuwa na kwato ndefu kidogo. "Wa aina hii huwa na kipaji," alisema Amu, "nilisikia redioni." Sungura akatoa kalamu, akapiga hesabu: mazishi mangapi kwa wiki, shilingi ngapi kwa kila mazishi, asilimia ngapi ya dalali. Walimwita mtoto aoneshe kipaji. Makwato alivitazama vikombe vyao vya chai, akavipanga kwa ukubwa, akaondoka. Chai ikamwagika kidogo kwenye ramani, wakaikausha kwa haraka, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa imewakutanisha.

"Kipande cha majini kinauzwa kwanza," alisema Sungura. "Kutoka mkuyu hadi ukingo, hatua mia mbili."

"Mia mbili na kumi na nne," alisema Makwato, nje ya dirisha.

Wakacheka.

Kulipokucha, mama na mtoto walipanda matatu. Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, Kitale. Saa kumi na mbili za jioni walikuwa chini ya mkuyu. Mtoto akatangulia akihesabu, mama nyuma. Kwenye hatua ya tisini na saba palikuwa na kigingi kipya, kimepakwa rangi nyekundu kichwani, kimepigiliwa katikati ya njia. Makwato alikizunguka, akaendelea hadi majini.

"Mia mbili na kumi na sita," alisema. Sauti ilianza kupanda. "Mia mbili na kumi na sita. Mia mbili na kumi na sita."

Mama alitazama kulia, akatazama kushoto. Akarudi hadi kwenye kigingi, akakichimbua kwa kwato zake fupi, zilizochongoka vizuri, akakitupa kwenye mafunjo. Wakarudi mkuyuni.

"Haya," alisema.

"Moja," akasema Makwato.