Sifa za Ritifaa

Ng'ombe anayefikishwa mnada wa Pugu huwa kamili: pembe, ngozi, mkia na ritifaa. Machinjio ya Vingunguti humvua vitatu vya kwanza. Ritifaa huponea kule, ikaja kuuawa Mchikichini, juu ya mlango wa bucha, pale fundi wa rangi anapoandika NYAMA YA NGOMBE kwa herufi nyekundu na kushuka ngazi bila wasiwasi.

Basi na isifiwe japo mara moja. Haimo katika alfabeti, haina sauti yake, na wengi huiita tu kale kakoma ka juu. Lakini bila yake Kariakoo pangekuwa pa hatari. Mpagazi wa sokoni huweka ngata kichwani ndipo atwishwe gunia. Akiambiwa ng'ata, atatafuta cha kutia meno. Shati la mtumba la soko la Karume likifuliwa vizuri hung'ara. Liondolee ritifaa, nalo limeshasafiri hadi Ngara, mkoani Kagera, mpakani mwa Rwanda na Burundi. Ng'ang'ania inazo mbili, na haiachii.

Wazee wa pwani walioandika kwa hati za Kiarabu hawakuwa nayo; ghaini moja ilibebeshwa mzigo wa sauti kadhaa, msomaji akaachiwa akili zake. Waganda walichukua herufi nzima, ŋ, wakaikosa kwenye simu, na wengi sasa huandika ng'. Huo ni ushindi, tena bila kampeni.

Usumbufu wake nao una hadhi. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhi za data, ritifaa hufungua na kufunga maneno. Programu iliyoandikwa kizembe ikipewa jina la Kisukuma kama Ng'wandu, huona jina limeishia Ng, kisha hushangaa wandu ni amri gani. Nani mwingine mwenye umbo la unyayo wa sisimizi anaweza kuukwamisha mfumo mzima? Pasipoti ziliona yaishe: kwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine haiandikwi ritifaa. Ng'wandu husafiri kama NGWANDU, na ritifaa hubaki juu ya ukurasa kama jamaa aliyesindikiza hadi uwanjani.

Huko Uingereza ritifaa iliwahi kupata walinzi. Mwaka 2001 mwanahabari mstaafu John Richards aliianzishia chama cha kuitetea. Mwaka 2019, akiwa na miaka 96, alikifunga akisema ujinga na uvivu vimeshinda. Maduka ya vitabu ya Waterstones yalikuwa yameshaitupa kwenye jina lao tangu 2012. Ila ritifaa ya kule ina makuu: inamilikisha, inafupisha, kisha inakwepa its ya umiliki na kuikalia it's, watoto wa shule wakose maksi. Ya Kiswahili, ukiwaacha washairi wanaoiazima kubana mizani, imetosheka na g yake.

Wapo mafundi wa mabango wanaoikumbuka, ila kwa kuchelewa. Neno limeshajaa ubao, nao huipachika palipo na upenyo: NGO'MBE. Mteja wa Mchikichini hutazama juu, husoma ng'ombe bila kukwama, na kuuliza kama maini ni ya leo.