Mpangaji Asiyelipa Kodi

Kolmanskop, mji uliohamwa katika jangwa la Namib nchini Namibia, una mpangaji mmoja tu siku hizi: mchanga. Umeingia madirishani, umejaa sebuleni hadi magotini, na kodi haulipi. Wanaolipa ni watalii, wapate kuupiga picha.

Mwaka 1908 Zacharias Lewala, kibarua wa kufagia reli, aliokota almasi karibu na hapo akampelekea bosi wake, Mjerumani August Stauch. Stauch akatajirika. Lewala hakupewa hata zawadi. Uaminifu, bila shaka, ndio malipo yake!

Starehe zikafuata: kiwanda cha barafu katikati ya jangwa, ukumbi wa dansi, na hospitali yenye mashine ya eksirei. Mashine hiyo ilitumika pia kuchungulia matumbo ya vibarua, isije ikawa mtu kameza kito. Ni nadra mkoloni kujali hivyo tumbo la mfanyakazi.

Wakazi wa mwisho waliondoka mwaka 1956, na sasa wageni huja kusaka mizimu. Wamekosea njia. Waende bandari jirani ya Lüderitz, kwenye Kisiwa cha Papa, ambako kati ya 1905 na 1907 Wajerumani waliwafunga kambini Waherero na Wanama, watoto wakiwemo. Wengi mno walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Wengine walitumikishwa kujenga reli ile ile aliyoifagia Lewala. Mwaka 2021 Ujerumani ikakiri kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari.

Kisiwani bado kuna kambi. Hii ni ya watalii, na ina majiko ya kuchomea nyama.