Tondozi ya Sasisho

Nyimbo za kale zinazohusishwa na Fumo Liyongo zimesifu uta na mnazi. Wafugaji wanawasifu ng'ombe wao mmoja mmoja kwa jina, na huku kwetu Kasese, Uganda, wapo wanaoweza kuusifu mlima Rwenzori mpaka theluji yake ikaona haya. Sasisho tu ndilo halijapata mtunzi. Kila mwenye simu amelipokea, karibu kila aliyelipokea amelitukana, nalo halijamjibu mtu hata siku moja. Unyamavu wa namna hiyo unastahili tondozi.

Nasema lile sasisho la programu ya muziki. Linaingia usiku umelala, linakula bando ulilolinunua jioni, na asubuhi unajikuta kama mtu aliyeamka nyumbani kwake akakuta milango imehamishwa. Kitufe cha nyimbo zako kilikuwa chini kulia; sasa kiko juu kushoto, kimevaa sura ambayo huijui. Alama ya moyo uliyokuwa ukiibonyeza wimbo ukikugusa imegeuka alama ya kujumlisha. Nyimbo ulizopakua zipo, usiwe na wasiwasi, ila kuzifikia kunahitaji subira na kidole chembamba. (Jina la programu yangu nalihifadhi. Mficha uchi hazai, lakini mimi nimeshazaa.)

Nianze na adabu yake. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kuja kuchukua shaba ya Kilembe, na mji ukakua pale reli ilipoishia. Baadaye machimbo yakafungwa, garimoshi likaacha kuja, majani yakafunika vyuma. Hakuna mzee wa Kasese aliyeletewa ujumbe. Sasisho, kinyume chake, hubisha hodi, hata kama linabisha likiwa limeshakaa sebuleni: "Tumekuletea mwonekano mpya. Furahia!" Chini yake kuna kitufe kimoja tu, "Sawa". Cha "Hapana" hawakukiweka, wakijua kwamba tuna kazi za kufanya na hatuna muda wa majadiliano.

Nguvu zake nazo si za kudharauliwa. Mei 2024 kampuni ya Marekani ya kutengeneza spika, Sonos, ilitoa programu yake ikiwa imejengwa upya tangu msingi. Wateja waliofungua wakakuta kengele ya kuwaamsha haipo, kipima muda cha kulalia hakipo, na kupanga foleni ya nyimbo hakuwezekani tena. Zikapigwa kelele, kampuni ikaomba radhi, kelele hazikunyamaza. Januari 2025 mkurugenzi mkuu, Patrick Spence, akaondoka. Miezi minane! Nitajieni kitu kingine kilichomtoa mkubwa ofisini kwa miezi minane. Sisi hapa Uganda tuna taratibu zetu, na huchukua muda zaidi kidogo.

Lakini kipaji chake kinachonishangaza kuliko vyote ni cha kuupamba ulimwengu uliopita. Programu ya muziki ya Spotify ilifika Uganda Februari 2021. Machi 2023 ikaubadilisha ukurasa wake wa mbele, ukawa wa kutelezesha kidole juu na chini na kutazama video, kwa mtindo wa TikTok. Watu wakalia: tumekuja kusikiliza, hatukuja kutazama! Turudishieni mwonekano wetu wa zamani! Sasa huo wa zamani, ulipokuwa mpya, nao ulikuwa umetukanwa vilivyo, tena na watu walewale. Mwonekano wa programu haupendwi ukiwa hai. Sasisho likishauzika ndipo unapoliliwa, ndipo tunapogundua kwamba tulikuwa tumestarehe. Bila sasisho tungeishi na kufa bila kujua kwamba mwaka juzi tulikuwa na furaha.

Na watu wasiseme kwamba wenye programu hawasikii. Novemba 2021 mwimbaji Adele alitaka nyimbo za albamu yake zichezwe kwa mpangilio aliouweka mwenyewe, zisichanganywe, na Spotify ikakibadilisha kitufe kikuu cha albamu. Ilikibadilisha kwa wanaolipia. Sisi tusiolipia tukaendelea kuchanganyiwa.

Sasa twende Bwera, kwa sababu huko ndiko sasisho linakoonyesha ukarimu wake. Unapanda teksi Kasese mpaka unafika Mpondwe, jirani na Bwera, ambako mto Lhubiriha unaitenganisha Uganda na Kasindi ya Kongo. Soko ni Jumanne na Ijumaa. Katikati ya samaki wa chumvi, vitenge na madumu ya mawese kuna vibanda vyembamba vyenye kompyuta moja, spika zinazokoroma na kijana mmoja kwenye stuli. Tunaviita librari. Humo unajaziwa filamu zilizotafsiriwa kwa Kiganda na akina VJ, na unajaziwa nyimbo kwenye flashi au memori kadi.

Kijana wa librari hajapata mwonekano mpya tangu ainunue ile kompyuta. Ana mafolda ya rangi ya manjano: Lingala ya Zamani, Lingala Mpya, Injili, Kadongo Kamu, Harusi, na lile kubwa kuliko yote, Nyimbo Nzuri. Humo Franco, mwanamuziki wa Kongo aliyefariki mwaka 1989, analala na Fally Ipupa wa siku hizi na hawagombani. Kwaya za Kikonzo ambazo sijaziona kwenye programu yangu hata mara moja zimejaa humo tele. Nusu ya nyimbo zinaitwa "Track 01". Nyingine zina DJ anayepaza jina lake na namba yake ya simu katikati ya ubeti, pale hasa machozi yalipokuwa yanakaribia.

Mama mmoja muuza mawese alifika na simu ameishika kwa ncha za vidole, kwa sababu ya mafuta.

"Mwanangu, hii simu imemeza nyimbo zangu."

"Uliapdeti, mama?"

"Mimi? Imejiapdeti yenyewe."

Kijana hakucheka. Aliichokoa kadi kwa ukucha, akaipuliza, akaichomeka kwenye kisomeo kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Akamuuliza anataka zipi. Mama hakujua jina la wimbo wala la mwimbaji. Akaguna kidogo kwa puani, akapiga mdundo kwa vidole juu ya meza.

"Hiyo ni ya Kongo," kijana akasema. "Ile ya harusi. Ninayo."

Chama cha kutetea haki za watunzi, UPRS, kina neno lake kuhusu biashara hii, na ni neno la haki, maana mtunzi wa wimbo ule hakupata hata senti ya mawese. Ila hii ni tondozi, si kesi.

Najiuliza tu: ni nani aliyemleta yule mama kibandani? Bango hapana. Sasisho ndilo lililomleta, bila kudai kamisheni. Ndilo pia lililowafundisha wengi kwamba ile "maktaba yangu" kwenye simu haikuwa yangu. Walioitumia Google Play Music walilijua hilo Desemba 2020, ilipofungwa kabisa, na hata nyimbo walizokuwa wamezipakia wenyewe wakatakiwa kuzihamisha. Mwezi uliofuata, wakati wa uchaguzi, serikali ikazima intaneti nchi nzima kwa siku kadhaa. Programu zikabaki picha kwenye kioo. Kadi za Bwera ziliendelea kuimba, "Track 01" baada ya "Track 01".

Nyumbani kwangu nako sasisho limebadilisha itifaki. Mpwa wangu wa darasa la sita, ambaye zamani alikuwa akiinamisha kichwa nikimuuliza habari za hesabu, sasa anaipokea simu yangu kwa mkono mmoja na kusema, "Mjomba, si hapo." Anabonyeza mara mbili, nyimbo zinatokea, anairudisha. Kisha anadai bando kama malipo. Namlipa.

Kwa hiyo, wahandisi, huko mliko, msitishwe na kelele zetu. Endeleeni kuhamisha vitufe. Nina ombi dogo tu la ratiba: sasisho lijalo liachieni usiku wa Jumatatu au wa Alhamisi. Hapo sisi wa Kasese tutapanda teksi ya alfajiri tukiwa tumeshaboreshwa, tufike kibandani kabla wateja wa Kasindi hawajavuka daraja.